Dakika Tisini za Diwali

Bwana Indravadan alimkuta Nanyama pale Kenyatta Market akiwa amesukwa nusu ya kichwa. Upande wa kushoto mistari ilikuwa imelala vizuri, na upande wa kulia nywele zilikuwa zimesimama zote. Nzembi, msusi wake wa miaka mingi, alikuwa na kitana mkononi na hakuwa na nia ya kumwachia mtu.

"Madam Nanyama, twende. Gari iko nje."

Nanyama alimtazama. Huyu ni mtu ambaye shati lake halijawahi kuonekana na mkunjo, na leo lilikuwa limechomoka nje ya suruali upande mmoja.

"Niende hivi?" Akagusa upande wa kulia.

"Hivyo hivyo."

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Lakini ikifika saa sita na nusu, Manjit anapigia polisi simu wakuje kuchukua Were."

Nanyama akasimama na kuvua taulo shingoni. Alikuwa amefanya upelelezi wa polisi miaka kumi na miwili kabla ya kuamua kujiajiri, na mwaka uliotangulia ndiye aliyemrudishia Indravadan jenereta lake lililoibwa. Hapo ndipo alipomjua Were vizuri. Alikuwa fundi wa kompyuta wa Indravadan, kijana mtaratibu kutoka Busia, ambaye kila ukienda ofisini kwao anakuletea chai kabla hujaomba.

"Nusu nyingine nitakuja kuidai," alimwambia Nzembi.

"Ukichelewa nampa mtu kiti," Nzembi alijibu, huku akimtia kitambaa kichwani.

Ndani ya gari Indravadan alieleza kwa mkato. Yeye na mshirika wake Manjit walikuwa na kampuni ya kupokea na kutuma barua za kompyuta, Upesi Posta, pale Hurlingham. Barua zote za wateja zilikaa kwenye mashine moja kubwa, seva, na seva hiyo ilikuwa ikiendeshwa na programu mama iliyozeeka. Leo, Jumapili tarehe kumi Novemba 1996, ndiyo ilikuwa siku ya kuihamisha kazi kwenye mashine mpya yenye programu mama mpya. Wateja walikuwa wametumiwa ilani: huduma itazimwa saa tano kamili, itarudi saa sita na nusu. Dakika tisini, basi.

"Kwa nini Jumapili mchana?"

"Were alipiga hesabu. Wakristo wako kanisani, na sisi tuko jikoni, leo ni Diwali. Hiyo saa hakuna mtu anaandika barua."

"Na nini kimeharibika?"

"Hakuna kitu imeharibika. Kila kitu ilienda sawa. Saa tano Were akazima, akanakili barua zote kwa tepu. Akatoa diski kubwa kwa mashine ya zamani, akaweka kwa mpya, na mpya ikaifuta, maana inaiandika kwa njia yake. Sasa ilibaki kurudisha barua kutoka kwa tepu." Akapiga honi bila sababu. "Tepu haiko."

Nanyama akatazama saa yake. Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini na tatu.

"Kurudisha kunachukua muda gani?"

"Dakika ishirini na mbili. Were amepima mara tatu."

Basi, ukiacha dakika moja ya kuwasha, tepu ilitakiwa kuwa ndani ya mashine ifikapo saa sita na dakika saba. Nanyama alikuwa na nusu saa kamili. Moyo wake ulichangamka, na hakuona aibu kwa hilo. Kazi za namna hii, ambazo mwisho wake una saa yake, ndizo alizozipenda kuliko zote.

Upesi Posta ilikuwa kwenye nyumba ya zamani ya vigae vyekundu kando ya barabara ya Argwings Kodhek, na lango lake lililindwa na askari aitwaye Muthama, ambaye hakuna aliyepita mbele yake bila kuandikwa. Hata Indravadan, mwenye nyumba, Muthama alimwandika: ametoka saa ngapi, amerudi saa ngapi, yuko na nani. Nanyama akaandikwa, kitambaa na yote, wakaingia.

Manjit alikuwa amesimama kwenye korido kando ya simu. Alikuwa Kalasinga mrefu mwenye kilemba cha buluu na hasira za haraka, na kwa kawaida hasira hizo ziliisha haraka vilevile. Leo zilikuwa zimekaa.

"Madam, sikuitisha mpelelezi. Mwizi tuko naye," alisema, na kumwonyesha kaseti ndogo ya plastiki, nyembamba kuliko ya muziki. "Nimetoa hii kwa begi yake."

"Ndiyo tepu yenyewe?"

"Hii ni ya Ijumaa. Barua za Jumamosi na za leo haziko hapa. Za Diwali zote. Watu wameandikiwa kutoka Leicester, kutoka Toronto, barua zaidi ya elfu moja. Kama amebeba hii, ile ingine amebeba pia, ameificha tu. Mimi nangoja mpaka saa sita na nusu kwa sababu Indubhai huyu, mshirika wangu, ameniomba. Halafu napiga simu."

"Na Were?"

"Hata polisi wakimwachilia, hapa harudi. Na hakuna kampuni Nairobi itamchukua. Nitahakikisha."

Were alikuwa ndani ya chumba cha mashine, ameketi kwenye kiti cha mbao, mikono magotini. Ukutani mbele yake palibandikwa karatasi ndefu ya hatua za siku ile, kila hatua na dakika zake, na zile zilizokwisha zilikuwa zimepigwa mstari kwa rula. Mstari wa mwisho ulipigwa saa tano na dakika kumi na tisa.

"Were, habari?"

"Mbaya, Madam. Lakini karibu. Leo sina chai."

"Tepu ya Ijumaa ilikuwa inafanya nini kwa begi yako?"

"Hulala kwangu, Dagoretti Corner. Kila wiki moja lazima ilale nje ya ofisi, nyumba ikiungua tusipoteze yote. Ni sheria ya hapa. Iko kwa faili."

Nanyama akafungua faili lililokuwa juu ya rafu. Sheria ilikuwepo, imepigwa chapa, na chini yake palikuwa na sahihi mbili. Moja ilikuwa ya Manjit. Akaliacha faili wazi mezani, ukurasa ukitazama mlango.

"Mtu anayetaka kuuza barua zenu amekuwa akilala nazo kila wiki miaka miwili," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka korido. "Leo ndiyo akumbuke kuiba?"

Kule korido hatua zikasogea mlangoni.

"Haya. Ulimaliza kufuta diski saa tano na kumi na tisa. Tepu ilikuwa wapi?"

"Hapo mezani, juu ya boksi lake."

"Halafu?"

"Ba akaleta chai na jalebi, vile vitamu vya sikukuu. Mama yake bosi. Tukatoka veranda kula, kwa sababu chumba hiki hakiingii chakula. Ni sheria yangu. Dakika tano, sita. Nikirudi, boksi liko, tepu haiko."

"Mkiwa veranda, nani alibaki ndani?"

"Hakuna mtu. Tulikuwa wote nje."

"Wote."

"Wote, Madam."

Nanyama akainama juu ya meza. Kisanduku cha tepu kilikuwa pale kitupu. Kwake hilo halikufanana na wizi. Anayeiba tepu ili aiuze huchukua na kisanduku chake, maana tepu isiyo na kisanduku hupata vumbi. Kwenye kona ya kisanduku palikuwa na alama ya kidole, nyekundu, nusu tu. Na juu ya meza, ambayo Were aliifuta kila asubuhi kwa spiriti, palikuwa na punje mbili za mchele. Mchele mbichi, na wenyewe umeguswa na wekundu ule ule.

Akazikusanya kwa ncha ya kitambaa chake cha mkononi.

"Mlikula wali?"

"Jalebi tu, na chevdo, ile ya chumvi ya kutafuna."

Manjit alikuwa ameingia, faili mkononi, ameshasoma alichotakiwa kusoma. Lakini hakuwa mtu wa kushindwa mara moja.

"Muulize kuhusu Ngui," alisema. "Ngui ni fundi wa washindani wetu, wale wa Westlands. Leo alikuja hapa, akaonana na Were. Kitabu cha Muthama kiko na jina lake. Aliingia saa tano kasoro kumi, akatoka saa tano na kumi na mbili. Muulize alikuja kufanya nini."

Nanyama akamuuliza. Were akatazama sakafu, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alionekana kama mtu mwenye hatia.

"Alikuja kunisalimia."

"Jumapili, saa ya kazi kama hii, kutoka Westlands, kusalimia."

"Ndiyo, Madam."

Hakujua kudanganya hata kidogo, na Nanyama alimpenda zaidi kwa hilo. Hakumsukuma. Alikwenda nyuma ya mashine mpya, akapiga magoti, akafuata nyaya moja moja kwa kidole. Kebo nene iliyounganisha mashine na kisomea tepu haikufanana na nyingine. Ilikuwa imezungushwa kipande cha selotepu nyeupe, na juu yake mtu ameandika kwa kalamu: *Ngui. Rudisha Jumatatu bila kukosa.*

"Ngui alitoka saa tano na kumi na mbili," Nanyama alisema akiwa bado chini, "na tepu ilikuwa bado mezani saa tano na kumi na tisa. Si yeye. Lakini kebo hii ni yake. Ya kwenu iko wapi?"

Were akatupa jicho mezani. Nanyama akavuta droo ya meza. Ndani palikuwa na kebo mpya kabisa, bado kwenye mfuko wa dukani.

"Hii nilinunua mimi," Manjit alisema. "Kwa nini hukuitumia?"

"Haiingii," Were alisema polepole. "Ina sindano hamsini, mashine mpya inataka sitini na nane. Nilijua jana jioni, maduka yamefungwa. Sikutaka kusema ulinunua mbaya, Bwana Manjit, siku ya sikukuu. Ngui naye bosi wake akijua ametuazima kebo, atafukuzwa. Sisi mafundi huazimana hivi. Mabosi ndio hawajui."

Manjit akaigeuza kebo yake mara mbili. Kisha akairudisha kwenye droo, akafunga droo taratibu.

"Bado tepu haiko," alisema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Nanyama akatoka mpaka langoni karibu mbio, huku kitambaa cha kichwa kikianza kulegea.

"Muthama, nataka kuona watu waliotoka kati ya saa tano na kumi na tisa na saa tano na nusu."

Muthama akafungua kitabu kwa fahari. Ukurasa ulikuwa safi, mistari imenyooka.

"Hakuna mtu, Madam. Baada ya Ngui, hakuna. Mpaka Bwana Indravadan alipotoka kukuchukua."

"Hakuna hata mmoja aliyepita lango hili?"

"Hakuna. Mimi sijatoka hapa hata kwenda choo."

Nanyama akapitisha kidole kwenye majina. Indravadan anaandikwa. Manjit anaandikwa. Ngui aliandikwa. Na chai ya veranda haikujileta yenyewe.

"Muthama, Ba yuko wapi?"

"Ba alienda nyumbani. Hapo ng'ambo, kwa maghorofa."

"Saa ngapi?"

"Hiyo hiyo saa tano na nusu, kabla kidogo."

"Na hayuko kwa kitabu."

Muthama alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Ba? Nimwandike Ba? Madam, yule ni mama. Namwambia, wewe mama, simama hapo, jina lako nani, umebeba nini? Hapana. Ba hupita tu."

"Alikuwa amebeba nini?"

"Sinia yake. Ile ya fedha. Imefunikwa na kitambaa chekundu."

Nanyama akacheka peke yake pale langoni, kicheko cha furaha tupu, mpaka Muthama akahisi kuna jambo amelikosea. Were alisema wote walikuwa nje, na hakumhesabu mwanamke aliyekuwa akiingia na kutoka na birika. Muthama alisema hakuna aliyetoka, na hakumhesabu mwanamke yule yule. Heshima ilikuwa imemfanya Ba asionekane na mtu. Akamwita Indravadan.

"Mama yako alikwambia nini kuhusu leo?"

"Ba? Alikasirika kidogo. Leo ni siku ya kubariki vitabu vya biashara. Marehemu baba, wakati wa duka la Biashara Street, kila Diwali tulibeba vitabu vipya nyumbani, Ba anaviwekea alama nyekundu, mchele, maua, ndiyo mwaka uanze vizuri. Pandit, kuhani wetu, alisema mwaka huu saa njema ni kutoka saa sita kasoro kumi na tano. Nikamwambia siwezi kuja, niko na mashine."

"Akasema?"

"Akauliza, vitabu navyo? Nikamwambia, Ba, siku hizi hatuna vitabu. Vitabu vyetu viko ndani ya tepu."

Indravadan akasikia mwenyewe alichosema. Mkono wake ukaenda mdomoni wenyewe.

"Simu," akasema.

"Atakuwa ameitoa mkono, yuko kwenye sala," Nanyama alisema. "Twende kwa miguu."

Walivuka barabara ya Argwings Kodhek kati ya magari mawili yaliyowapigia honi, wakapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu. Mlango ulikuwa wazi, kizingitini pamechorwa maua kwa unga wa rangi. Ndani, kwenye chumba kidogo cha sala, Ba Vidya alikuwa ameketi chini kwa sari ya kijani, mwanamke mfupi wa miaka sabini na mbili. Mbele yake kulikuwa na sinia ya fedha. Na katikati ya sinia, juu ya jani la tambuu, imezungukwa na maua ya manjano na punje za mchele, ilikuwa imelala tepu, na mgongoni mwake alama nyekundu iliyochorwa kwa uangalifu mkubwa.

"Umekuja," Ba alimwambia mwanawe, kama aliyekuwa akimngoja tu. "Nilijua. Vitabu ikikuja, mwenyewe atafuata. Kaa chini."

"Ba, hiyo tepu, tunaitafuta, watu wako na shida huko—"

"Kaa chini. Imebaki arati tu, kuzungusha taa."

Nanyama akatazama saa: saa sita kasoro tatu. Akapiga magoti karibu na sinia.

"Shikamoo, Ba. Naitwa Nanyama. Hii kitu, ulifungua haka kamlango kake ka mbele?"

"Kwa nini nifungue kitabu ya mtu? Mimi nabariki, sisomi."

"Inachukua dakika ngapi?"

"Wewe ukishika kengele, nne."

Nanyama, aliyelelewa katika kanisa la Friends ambako kuna kipindi cha kumngoja Mungu kwa kunyamaza, alishika kengele. Aliitikisa kwa nguvu zake zote huku Indravadan akizungusha taa ya samli na Ba akiimba kwa sauti nyembamba iliyojaa chumba. Katikati ya wimbo kitambaa cha Nanyama kikaanguka. Ba alitazama nusu ya kichwa iliyosukwa na nusu iliyosimama, akaendelea kuimba, lakini tabasamu lililomjia halikumtoka tena.

Saa sita na dakika moja walikuwa kwenye ngazi. Ba alikataa kubaki. Langoni, Muthama alikuwa amesimama wima, kitabu wazi, kalamu tayari.

"Jina?" alimuuliza Ba.

Indravadan alitaka kumpita, lakini Ba akasimama.

"Vidya," akasema. "Andika vizuri. Miaka mbili napita hapa, hakuna mtu anaandika mimi."

Dakika ya tano baada ya saa sita Were aliipokea tepu kwa mikono miwili. Aliigeuza, akafungua kile kilango kidogo, akachungulia, akakifunga. Alama ilikuwa mgongoni tu, lakini unga wake ukiingia kwenye kisomea, kazi imekwisha. Akachovya pamba kwenye spiriti, halafu akasita, akamtazama Ba.

"Naomba kupanguza, Ba. Rangi ikiingia ndani, mashine itashindwa."

"Panguza. Baraka imeshaingia." Ba akakinga kiganja. "Hiyo pamba nipe mimi."

Saa sita na dakika saba tepu ilianza kuzunguka. Were alisimama mbele ya karatasi yake ukutani na rula mkononi. Manjit alikaa kwenye kile kiti cha mbao cha mshtakiwa, kilemba kimeinama kwa mawazo, akitazama ile droo. Ilipofika saa sita na dakika ishirini na tisa Were akapiga mstari wa mwisho. Akawasha modemu, vile visanduku vinavyounganisha mashine na laini za simu. Zikalia moja baada ya nyingine kelele zake zile za kukwaruza, na taa zake za kijani zikaanza kucheza. Ni kana kwamba wateja walikuwa wamesimama mlangoni wakingoja.

"Zote ziko," Were alisema. "Za jana na za leo. Elfu moja mia moja na nne."

Indravadan akamkumbatia Nanyama, kisha akakumbuka hawajazoeana hivyo, akaingiza shati ndani ya suruali. Manjit akatoka korido. Walisikia mkono wa simu, aliokuwa ameutoa tayari kuwapigia polisi, ukirudishwa mahali pake. Aliporudi, Ba alikuwa amesimama katikati ya chumba, pamba nyekundu kidoleni.

"Wakati wa mzee, Biashara Street," alisema, "alama ya kwanza hakupewa mwenye duka. Alipewa karani, yule anashika vitabu. Maana yeye ndiye mzee alikuwa anaamini." Akawatazama wanaume mmoja mmoja. "Hapa nani anashika vitabu?"

Indravadan alifungua mdomo, lakini Nanyama akamkanyaga mguu. Swali lilikuwa la mtu mwingine, na mtu huyo alilijua.

Manjit akasafisha koo.

"Were, Ba," alisema. "Were ndiye anashika."

Were alikuwa mrefu, ikabidi apige magoti. Ba akamchora kwenye paji la uso, akambandika punje tatu za mchele, moja ikaanguka, akamwekea nyingine. Manjit alingoja hadi aliposimama, ndipo akampa mkono.

"Hiyo kebo ya Ngui, kesho naipeleka mimi mwenyewe," alisema. "Kwa mlango wa nyuma, bosi wake asinione."

Saa saba kasoro robo Nanyama alikuwa amerudi kwenye kiti chake Kenyatta Market, mkebe wa jalebi magotini. Nzembi akamfungua kitambaa, akaona wekundu aliochorwa na Ba kwenye paji la uso wake pia, akauliza kama mwizi amepatikana.

"Nimempata," Nanyama alisema, akimpa jalebi. "Alinishikisha kengele."